Namba Fupi ya Mkulima: Namna ya Kuiunda Isikosewe Mizani Hadi Benki

Karani wa chama cha msingi anayepokea ufuta au mbaazi Kimamba, wilayani Kilosa, hupata taabu kubwa na majina. Akifungua daftari la msimu anawakuta kina Juma Ramadhani kadhaa, kina Asha Hamisi kadhaa, na baba na mwanawe wanaotumia jina lilelile la ukoo na kuleta mzigo siku moja. Malipo yakirudi baada ya mnada, fedha za mmoja zinaingia kwa mwingine, na kuzirudisha kunachukua muda mrefu kuliko ilivyochukua kuvuna.

Wengi hukimbilia namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA. Inamtambua mtu kweli, lakini ina tarakimu 20, na hakuna karani atakayeiandika kwa maka peni juu ya magunia 40 bila kuteleza. Isitoshe, tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Kuzianika juu ya gunia ni kutoa siri ya mtu mbele ya wapakiaji na madalali, na tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, chama kinachokusanya taarifa za watu kina wajibu wa kuzilinda. Namba ya NIDA iandikwe mara moja kwenye rejista, rejista ifungiwe kabatini, na kazi ya kila siku ifanywe na namba nyingine.

Hiyo namba nyingine inaweza kuwa 1, 2, 3 na kuendelea. Kama chama chako kina watu 200 au 300 wanaojuana kwa sura, tumia hizo na makala hii isikusumbue. Shida huanza watu wanapofika maelfu na vituo vya kupokelea mazao vinapokuwa zaidi ya kimoja. Karani akiandika 1387 badala ya 1378, namba zote mbili zipo, zote zina wenyewe na akaunti, na hakuna kitu kwenye karatasi kitakachopiga kelele. Kosa litaonekana siku mkulima atakapofika ofisini akiwa ameshika risiti isiyolingana na fedha alizopokea.

Ninachopendekeza ni namba ya alama tano, tarakimu na herufi zikichanganyika, iliyoundwa kwa kufuata mkono, mdomo na sikio la watu watakaoitumia. Kompyuta haichagui, inasoma chochote unachoipa. Anayepata shida ni karani aliyechoka saa kumi jioni, na kwake ndiko tuanzie.

Kwanza tuelewane kuhusu herufi kuhesabu, kwa sababu kila Mtanzania ameshaziona zikifanya hivyo. Dalali wa magari akikuambia gari ni "namba E", unajua limesajiliwa baada ya "namba D". Kwenye kibao cha gari tarakimu tatu zinapanda hadi zinaisha, herufi ya mwisho inasogea hatua moja, tarakimu zinaanza upya. Herufi ya mwisho nayo ikiisha, ya katikati inasogea. Herufi pale zinahesabu sawasawa na tarakimu. Namba zetu za kawaida zina alama 10, toka 0 hadi 9, na huitwa namba za msingi wa 10. Ukijiwekea alama 23, una namba za msingi wa 23. Faida yake ni ufupi: kwa nafasi nne, msingi wa 10 unakupa namba 10,000, ilhali msingi wa 23 unakupa 23 × 23 × 23 × 23, yaani 279,841.

Mbona 23, wakati tarakimu na herufi kubwa zote ni 36, na ukiongeza herufi ndogo ni 62? Mitambo inayofupisha anuani za intaneti hutumia zote 62, na inafanya vizuri, kwa kuwa anuani hizo hubonyezwa tu. Hakuna anayezisoma kwa sauti. Kwenye mizani hali ni tofauti. Nani atamwambia mkulima kwamba k ndogo na K kubwa ni watu wawili? Hata Excel yenyewe, ukitafuta kwa VLOOKUP, haitofautishi herufi kubwa na ndogo.

Wataalamu waliotutangulia walipunguza. Douglas Crockford wa Marekani alipanga alama 32 kwa kuondoa I, L, O na U. Waliounda Bitcoin walitumia alama 58, wakaacha sifuri, O kubwa, I kubwa na l ndogo. Google, kwenye mfumo wake wa anuani za mahali uitwao Plus Codes, walibakisha 20 tu: 23456789CFGHJMPQRVWX. Mfumo huo unaigawa dunia kwa mistari ya ramani, na alama nne za mwanzo zinataja mraba wa digrii moja kwa digrii moja. Kimamba ipo ndani ya 6G5V. Kilosa mjini, kwa kuwa mstari wa longitudo 37 unapita mashariki kidogo ya mji, ipo ndani ya 6G5R. Mikumi, kusini mwa latitudo 7, ni 6G4R. Ni namba za msingi wa 20 zinazofanya kazi kwenye simu ya yeyote mwenye ramani za Google, na zinaonyesha kwamba jambo hili si la maabara.

Lakini orodha zao zilipangwa kwa macho na masikio ya kwao. Sisi tupange yetu.

Anza na mwandiko. Sifuri na O, 1 na I na L, 5 na S, 2 na Z, 8 na B: kila jozi hapo imeshamgharimu mtu. Ongeza 6 na G, maana kwa maka peni juu ya kiroba zinafanana kabisa, na 9 na Q, hasa kwa wanaoandika q ndogo kwa mazoea. Katika kila jozi bakisha tarakimu, toa herufi. Sifuri na 1 zitoke kabisa pamoja na wenzao.

Halafu matamshi. L na R huchanganywa na wazungumzaji wengi wa Kiswahili, wakisema na hata wakiandika, na simu yenye mtandao hafifu inazidisha. L ilishatoka kwa sababu ya 1, basi R ibaki peke yake na tatizo limekwisha.

Mwisho irabu, na hizi nazitoa zote. Neno la Kiswahili halijengeki bila irabu, hivyo ukiziondoa, mtambo hautamtolea mama wa watu namba inayosomeka kama tusi. Kuna faida nyingine ya kiufundi: E ikikaa katikati ya tarakimu, Excel hudhani ni namba ya kisayansi, na 3E5 inageuka 300,000 mbele ya macho yako. Si jambo dogo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe, na wanasayansi walikuwa wanapoteza data.

Kinachobaki ni hiki:

23456789CDFHJKMNPRTVWXY

Alama 23. Hesabu kutoka sifuri: 2 thamani yake ni 0, 3 ni 1, 4 ni 2, na kuendelea mpaka 9 ambayo ni 7, C ni 8, D ni 9, F ni 10, H 11, J 12, K 13, M 14, N 15, P 16, R 17, T 18, V 19, W 20, X 21, Y 22.

Sasa tumgeuzie namba mwanachama wa 4,817. Gawanya kwa 23 na uandike baki kila mara. 4,817 kwa 23 ni 209, baki 10. 209 kwa 23 ni 9, baki 2. 9 kwa 23 ni 0, baki 9. Nafasi ya nne haina kitu, weka 0. Soma mabaki kuanzia la mwisho: 0, 9, 2, 10. Kwenye orodha yetu ni 2, D, 4, F. Namba yake ni 2D4F. Kurudi nyuma ni rahisi: chukua 9, zidisha kwa 23 ujumlishe 2, unapata 209, zidisha kwa 23 ujumlishe 10, umerudi kwenye 4,817.

Alama ya tano ndiyo inayolinda fedha za mkulima, na ningemshauri karani aache mengine yote kuliko kuiacha hii. Zidisha thamani ya alama ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 4, ujumlishe, ugawanye kwa 23, uchukue baki. Kwa 2D4F: 0, jumlisha 18, jumlisha 6, jumlisha 40, jumla 64. Baki ni 18, na 18 ni T. Namba kamili inakuwa 2D4F-T.

Tuijaribu. Karani amechoka, ameandika 2DF4-T. Hesabu inatoa 18 na 30 na 8, jumla 56, baki 10, ambayo ni F. Kwenye karatasi kuna T, hesabu inadai F, mzigo haupokelewi mpaka namba isomwe upya. Alama yoyote moja ikikosewa, hesabu itakataa. Alama zozote mbili zikibadilishana nafasi, hata ya mwisho na alama ya ukaguzi yenyewe, itakataa pia. Namba iliyobuniwa tu ina nafasi moja kati ya 23 ya kupita.

Ulinzi huu haukuja kwa bahati. 23 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ungetumia msingi wa 20, alama ya pili ikikosewa kwa hatua 10, kosa linazidishwa kwa 2, linakuwa 20, baki linakuwa 0, na kosa linapita kimya. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha orodha yangu, kwa mfano kutoa N kwa kuwa simu inaichanganya na M, usiishie 22. Shuka mpaka 19 au panda hadi 29. Mimi naziacha M na N zote mbili, kwa sababu alama ya ukaguzi inazitofautisha.

Kwenye Excel kazi hii haihitaji mtaalamu. Namba ya mfululizo iwe kisanduku A2. Kwenye B2 andika =MOD(INT(A2/12167),23), C2 andika =MOD(INT(A2/529),23), D2 andika =MOD(INT(A2/23),23), na E2 andika =MOD(A2,23). Alama ya ukaguzi iwe F2: =MOD(B2+2*C2+3*D2+4*E2,23). Kisha kila thamani ichukuliwe alama yake kwa =MID("23456789CDFHJKMNPRTVWXY",B2+1,1), na hivyo hivyo kwa C2 hadi F2, ukiziunganisha kwa alama ya &. Kuna kompyuta zinazotaka nukta mkato badala ya mkato kati ya vipengele. Ikikataa, badilisha hapo. Excel ina BASE ya kugeuza msingi moja kwa moja, lakini inajua orodha yake tu, inayoanza na sifuri na kupita kwenye A, B na E, zile tulizozikimbia. Safu ya kupokelea namba zilizokamilika iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, la sivyo namba kama 2346-3 inaweza kugeuzwa kuwa mwezi na mwaka.

Namba zinazofuatana zina kasoro moja. Mwenye 2D4F anajua jirani yake ni 2D4H, na mnunuzi anayeona namba ya mwanachama mpya kila mwezi anaweza kukadiria chama kinakua kwa kasi gani. Watu hufikiri dawa ni kuchota namba ovyo. Angalia hesabu yake: kati ya namba 279,841, ukichota 623 tu, nafasi ya mbili kufanana tayari ni karibu nusu kwa nusu. Ukichagua njia hiyo, kila namba mpya lazima ilinganishwe na rejista nzima kabla ya kutolewa.

Naona ni bora kuzitawanya kwa mpango. Kabla ya kugeuza, zidisha namba ya mfululizo kwa 100,003, ugawanye kwa 279,841, uchukue baki. Kwa kuwa 100,003 haigawanyiki kwa 23, hakuna watu wawili watakaopata baki moja, hata namba zote zikitumika. Mwanachama wa 4,817 anapata 108,090, ambayo ni CW9K-8. Wa 4,818 anapata 208,093, ambayo ni R4CJ-3. Majirani kwenye daftari, hawafanani hata kwenye nafasi moja. Ila mtu asidanganyike kwamba hii ni siri. Mwenye hesabu kidogo atafumbua. Namba ya mwanachama haifai kuwa nywila, na mtu asilipwe fedha kwa kuitaja tu.

Vituo vikiwa viwili na mtandao wa kubahatisha, msisubiri kuwasiliana ili kugawa namba. Kituo cha kwanza kipewe mfululizo wa 0 hadi 9,999, cha pili 10,000 hadi 19,999. Kila kimoja kichapishiwe karatasi za namba zilizokwisha tengenezwa, karani anachukua ya juu na kuandika jina mbele yake. Umeme ukikatika kazi inaendelea. Mashirika makubwa yenye seva nyingi zisizoongea zenyewe kwa zenyewe hutumia namba za alama 36 ziitwazo UUID, ambazo haziwezi kugongana kwa hali ya kawaida. Chama cha Kimamba hakina sababu ya kubeba mzigo huo.

Nimeulizwa mara nyingi kama namba isianze na KLS ya Kilosa, ikafuata A au B ya kata, kwa kuwa kuna Kimamba A na Kimamba B. Nakataa. Mwaka 2012 Gairo ilimegwa kutoka Kilosa ikawa wilaya, na kila aliyekuwa na namba inayosema Kilosa akabaki na namba inayosema uongo. Watu huhama kata, huolewa, huuza shamba. Mahali paandikwe kwenye safu yake ya rejista, ambako panaweza kubadilishwa, na namba ibaki haina maana yoyote. Risiti za M-Pesa za Kenya zimebeba mwaka kwenye herufi ya kwanza, R kwa 2023, S kwa 2024, T kwa 2025, na zinafanya vizuri kwa sababu tarehe ya muamala haibadiliki milele. Makazi ya mtu hayana tabia hiyo.

Jambo la kumwita mtu kwa jina badala ya namba nalisema kwa uzito, kwa sababu ya mahali ninapozungumzia. Mashamba ya mkonge ya ukanda huu wa Kimamba yalijengwa na watu walioletwa kutoka mbali. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU ilikuwa inawakusanya na kuwasafirisha. Waliandikishwa kwa namba, wakabeba kipande cha siku 30 za kazi, na wakaitwa manamba. Wajukuu wao wapo Kimamba leo na baadhi ni wanachama wa vyama hivi. Basi namba iwe ya gunia, ya risiti na ya leja. Mtu aitwe kwa jina lake, na jina liandikwe kando ya namba kila mahali. Kiutendaji ni lazima pia, kwa kuwa alama ya ukaguzi haitamshika karani aliyeandika kwa usahihi namba ya mtu mwingine. Mkulima akifika dirishani, karani atafute namba, aone jina, kisha aulize, "Jina lako nani, baba?" Akimuuliza, "Wewe ndiye Juma Ramadhani?" mtu mwenye haraka ataitikia tu.

Kwa simu, namba isomwe kwa majina ya mahali na isisomwe kwa "dii" na "tii", ambazo hakuna anayezitofautisha kwenye kelele za mashine. C ya Chunya, D ya Dodoma, F ya Fuoni, H ya Handeni, J ya Jozani, K ya Kilosa, M ya Morogoro, N ya Ngerengere, P ya Pangani, R ya Rufiji, T ya Tabora, V ya Vikindu, W ya Wete, Y ya Yombo. X itajwe eksi, inaeleweka. Anayepokea airudie yote kabla ya kuandika.

Mwanachama akifariki au akijitoa, namba yake ifungwe, isipewe mtu mwingine hata baada ya miaka 20, maana risiti za zamani bado zitakuwa mikononi mwa warithi. Kubadili kutoka namba za zamani kufanyike kati ya misimu, na namba ya zamani iachiwe safu yake kwenye rejista.

Rejista ichapishwe nakala mbili, na moja ikae nje ya ofisi. Waliokuwepo Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko yalipoikumba Kilosa hadi reli ikakatika, wanajua maji hufanya nini kwa makabati ya chini. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila nakala viandikwe vitu vitatu kwa herufi kubwa: orodha ya alama 23 kwa mpangilio wake, vizidisho 1, 2, 3 na 4 vya ukaguzi, na namba 100,003 ya kutawanyia. Karani akihama, anayempokea aweze kutoa namba inayofuata kwa kalamu na karatasi, siku hiyohiyo.